Barua Iliyosomwa Mbele ya Mkwe

Mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba ndizi kichwani kutoka Marani mpaka barabarani, na leo malori matatu yanayopeleka ndizi Nairobi ni yangu. Nifunge macho, nishikishe mkungu, nitakuambia ulikatwa siku gani. Ndiyo maana nikimkumbuka yule bwana wa laptopu, mpaka leo damu inachemka.

Ninaongoza kikundi cha kusaidia akina mama wanaovuja mkojo tangu uzazi mgumu. Nilikianzisha mwenyewe, kwa sababu dada yangu aliishi hivyo miaka mingi akijificha jikoni kwake. Tunawapeleka hospitali wafanyiwe upasuaji. Katibu wetu, nesi mstaafu, ndiye anayewasikiliza, na maneno yao hukaa kwenye daftari moja ndani ya sanduku lenye kufuli.

Bwana yule alikuja na viatu vilivyong'aa. "Mzee, wenzenu wote siku hizi wanatumia AI. Nipe daftari nilipige picha, barua ya kuomba wafadhili itatoka kabla chai yako haijapoa."

Nesi akakunja uso. "Mwenyekiti, huyu ametumwa na nani? Nani anamjua?"

"Mama, watu ninawajua mimi. Fungua sanduku."

Kweli, chai haikupoa. Barua ilitoka na Kiingereza kizuri, hata mimi nisiyekielewa sana nikapiga makofi. Nikampa mwalimu mmoja aisome kwa lugha yetu, Ekegusii, kwenye harambee yetu kule Manga. Kuisikiliza kwanza? Nani alikuwa na nafasi hiyo!

Jina la mtu halikuwemo. Lakini alikuwemo mjane wa Manga mwenye mapacha, ambaye binti yake ameolewa na fundi cherehani wa Marani. Yalikuwemo matandiko yake, na harufu yake. Na huyo fundi alikuwa ameketi safu ya tatu.

Kwetu Gusii mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mambo ya mwili wa mama mkwe hayafiki masikioni mwa mkwe. Mjane akasimama, akakaza leso kiunoni, akatoka. Mkwe akatoka kwa mlango mwingine, kichwa chini. Upasuaji wa mama huyo ulikuwa umepangwa Jumanne, wiki mbili mbele. Jioni hiyo hiyo akatuma neno: haendi tena.

Nikampigia yule bwana.

"Tulia, mzee. Mashine haijui mila. Na data yenu iko salama."

"Salama wapi? Kwa nani? Nani ana funguo?"

"Hayo ni ya kitaalamu sana, mzee, huwezi kuyaelewa."

Mimi! Mimi nisielewe kufuli! Halafu akazima simu. Watu wa namna hii wanatufuata sisi tunaosaidia wanyonge kwa sababu wanadhani maskini hana siri. Na mlango nilimfungulia mimi, huku nesi akinikataza.

Safari hii nesi hakuniuliza. Alikwenda kwa masista wa zahanati moja ya Nyamira, akasikia kuna mama anayewasaidia na mambo haya ya kompyuta. Akawauliza amewahi kukosea nini kwao, na alirekebisha vipi. Ndipo akamwita.

Mama huyo hakufungua kompyuta kwanza. Aliuliza wale wanawake walikubali nini, na nani husoma kabla karatasi haijatoka. Nikakiri hatukuwauliza, wala hatukuisoma. Baadaye akatusaidia kufuta zile picha kwenye akaunti aliyotufungulia yule bwana.

"Nimefuta ninazoziona," akasema. "Zilizo kwenye simu yake siwezi kuwaapia."

Huyo ndiye mtu wa kwanza katika mambo haya aliyeniambia hajui, na hapo nikamwamini.

"Sasa hiyo AI tuitupe?" nikamuuliza.

"Ipeni ratiba za gari. Habari za mtu msiipe kabla mwenyewe hajasikia na kukubali."

Basi tukapanda Manga kwa yule mjane, nesi na ile barua, mimi mbele, maneno ya msamaha tayari mdomoni. Nesi akanivuta koti.

"Unaingia wapi? Huyu ni rika la mama yako. Utamsomea hayo wewe?"

Mwenye malori nikabaki nje kwenye migomba, mvua ikininyeshea. Ndani nesi alisoma mstari mmoja mmoja, na kila mara nikasikia: "Toa hiyo." Barua nzuri ile ikaisha yote. Halafu sauti ya mjane ikapanda makusudi:

"Mwambie huyo anayekanyaga migomba yangu kwamba Jumanne nitakwenda. Gari alete. Dereva awe mwanamke, na yeye nisimwone njiani."

Sikuwa na dereva mwanamke hata mmoja. Nilizunguka siku mbili mpaka nikampata Nyacheki, anayeendesha pikapu ya majani chai. Jumanne walipopita Marani, niliingia stoo yangu nikafunga mlango mpaka mlio wa gari ukaisha.