Laptopu Iliyoshindishwa Njaa

Ndugu yangu Ogoti hanunui kitu kilichoshiba. Watu wa Manga humcheka, lakini mimi ni dada yake mkubwa na najua tabia hiyo ilianzia wapi. Mwaka wa 1973 alinunua mtamba kule Ikonge wa kupeleka mahari. Tumbo la ng'ombe huyo lilikuwa kama pipa. Kumbe mwuzaji alimlambisha chumvi usiku kucha, na asubuhi akamnywesha maji. Tulipofika kwa wakwe jioni, mtamba alikuwa amekojoa njia nzima, mbavu zinahesabika. Wakwe wakamrudisha, na harusi yake ikangoja mwaka mzima. Tangu hapo Ogoti hushinda sokoni na ng'ombe mpaka jua lipungue, ndipo atoe pesa. Ukoo wote humtuma yeye kuchagua ng'ombe wa mahari.

Basi mjukuu wake Sheryl alipoitwa chuo kikuu, Ogoti aliuza ng'ombe ili msichana apate laptopu. Huyo ndiye aliyekuwa amebaki zizini. Laptopu ikifa kabla ya miaka minne, hakuna nyingine. Tukashuka Kisii mjini watu watatu, Ogoti amevaa koti lake la kuendea mahari.

Mwenye duka alikuwa Dancun, kijana mpole wa upande wa ziwa. Sheryl alishika moja ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, hakutaka kuiachilia. Kando yake kulikuwa na nyeusi, nene, kona zimechubuka. Zote zilikuwa zimetumika ng'ambo, Dancun hakuficha. Ogoti alizifungua na kuzifunga kila moja mara kumi na tano, kama anayekagua meno, akazibonyeza mgongo, kisha akauliza zimekula lini. Dancun alimtazama Sheryl. Sheryl alitazama viatu vyake, akasema sokoro, yaani babu yake, anauliza habari ya chaji. Dancun akajibu zimejaa tangu asubuhi.

"Ondoa kamba," Ogoti akasema. "Tutashinda nazo."

Chaja zikachomolewa. Ogoti alisema mnyama aliyelala hajulikani ugonjwa wake, kwa hiyo Dancun akaziwekea video za kwaya. Tukafungua ndizi zetu za kuchemsha tukala. Wateja waliingia kununua waya za simu, wakabaki wakisikiliza nyimbo. Ile ya fedha ilizimika katikati ya wimbo wa nne, kwaya imefungua vinywa. Ogoti alimtazama tu mjukuu wake, na mimi nikaukumbuka ule mtamba. Nyeusi iliimba mpaka saa kumi.

Dancun akaitia nyeusi mkobani, chaja akaiacha mezani, akaeleza kwamba hiyo huuzwa kando. Ogoti akavua kofia.

"Kijana wangu, kwenu ziwani ng'ombe hutoka sokoni bila kamba?"

Dancun alicheka mpaka akashika meza. Baba yake, akasema, ni mchuuzi wa ng'ombe. Chaja ikaingia mkobani.

Sheryl alinuna mpaka tukafika nyumbani. Sasa yuko mwaka wa nne, na laptopu ni ile ile. Akija likizo, Ogoti huipapasa mgongo kabla hajauliza habari za masomo, akitaka kujua kama bado inakula vizuri.

"Inakula, sokoro," Sheryl humwambia. "Siku hizi inakula kunishinda. Lakini kazi inafanya."

Ogoti humjibu kwamba hata yeye yuko hivyo.