Jina Lililobaki Zizini

Juma lililopita baba mdogo alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za mvua ambazo hazikwepeki ukiongea na mtu wa Mwanza, akanieleza kwamba wanalijengea kaburi la bibi kwa vigae, na fundi anataka maneno ya kuchonga kwenye jiwe. Ya kwake alikuwa nayo tayari: "Hapa amelala mke mpendwa na mama mlezi." Akauliza nayaonaje. Nikamwambia ni mazuri, ila nimewahi kuyasikia juu ya kaburi jingine. Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa namtania. Kaa nikusimulie.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba pale Nyakato kilifungwa. Wakubwa walisema soko sasa ni huria, na kweli lilikuwa huria, maana mitumba ilijaa hadi kwenye vichaka. Baba akanipeleka kwa mama yake, kijiji cha ziwani, nikale huko mpaka mambo yatengemae. Hayakutengemaa upesi, nami sikulalamika. Kwa bibi kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ya kuchemsha na karanga, mlenda, dagaa wabichi wa kukaanga mpaka wakalia mdomoni, na maziwa mgando katika kibuyu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa yeye.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia. Nilianza uani, nikamalizia kwa Mmarekani.

Kwa Mmarekani palikuwa ni kaburi, pembeni mwa shamba la muhogo la bibi, chini ya lile jiwe kubwa linalotazama ziwa. Lilikuwa bamba la jiwe lenye maandishi, limelala chali, limeota ukungu pembeni. Wazee walisimulia kwamba zamani sana, kabla ya Mjerumani, alikuja mchungaji mmoja kutoka Marekani na mkewe. Yule mama alibebwa kwa machela kutoka pwani kwa sababu miguu ilimvimba njiani. Alizaa hapo hapo ziwani, akakosa maziwa, na wanawake wa kijiji wakawa wanampelekea ya ng'ombe kwa ajili ya mtoto. Naye aliwafundisha kushona. Walimwita Mama Mchungaji. Alipozaa tena homa ikamkamata, akafa, na mume akachukua wanawe akarudi kwao. Wazee walimalizia kwa kusema huko alioa mwingine, na hapo wanawake waliguna wote kwa pamoja, kana kwamba habari imefika jana.

Bibi alikuwa na sheria zake kuhusu kaburi lile. Michembe tulianika kwenye mawe yote ya shamba, lakini si juu ya bamba lile, ingawa ndilo lililokuwa bapa kuliko yote. Na akipita asubuhi na jembe lake, alisalimia: "Mwangaluka, mayu." Nilimuuliza kwa nini anamwamkia mzungu aliyekufa kwa Kisukuma. Akanijibu, "Kwani alipokufa alikuwa wapi?"

Bibi mwenyewe aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, kama wanawake wote. Tofauti ni kwamba yule mwana alikufa kwa surua kabla hajajua kutembea. Baba yangu na wadogo zake walizaliwa baadaye, lakini jina la kwanza likishakaa limekaa. Kwa hiyo kila aliyepita njiani alimpigia bibi kelele kwa jina la mtoto aliyemzika, naye akaitika vizuri tu. Mimi nilikuwa mdogo, sikuona kitu. Leo nikifikiria, huwa naumia.

Basi Jumapili moja akapita mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu wa Bukoba, ambaye hata jua likiwaka alivaa koti ili tusisahau kwamba amesoma. Bibi akamwomba amsomee lile jiwe. Mwalimu akachutama, akafuta ukungu kwa leso, akasoma kwanza kwa Kiingereza kwa sauti ya kanisani, kisha akatufasiria: "Hapa amelala mke mpendwa wa Mchungaji," akataja jina refu la kiume, "na mama mlezi wa watoto wake."

"Mh. Na yeye?" bibi akauliza.

"Yeye ndiye huyo, mama."

"Huyo uliyemtaja si mumewe? Nauliza la kwake."

Mwalimu akasoma tena, safari hii kimyakimya, akizunguka jiwe kama mtu aliyeangusha shilingi. Akasimama, akakung'uta magoti. "La kwake halipo. Kwao ndivyo walivyokuwa wanaandika zamani. Mke alichukua jina la mume."

Ndipo bibi akasema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Mimi msije mkanifanyia hivi. Nikifa niandikeni jina langu."

Nikadakia, maana nilikuwa kimbelembele: "Si Maria?" Ndilo alilobatizwa nalo.

"Maria nilipewa na padri, na kila nyumba hapa ina Maria wake. Mimi nilizaliwa na langu."

"Lipi, bibi?"

Akacheka, akaona haya kama msichana. "Siku ng'ombe wa mahari wa babu yenu walipoingia zizini kwa baba, mimi nilitoka. Jina likabaki zizini. Waulizeni kwetu Usagara."

Hatukuuliza. Ndugu yangu, ungeuliza wewe? Tulidhani muda upo. Baba alipokuja na nikamweleza, alikuna kichwa, akasema aliwahi kulisikia utotoni, ila limemtoka.

Kuna jambo moja ningeweza kulikamata kama ningekuwa na akili. Mvua ya ziwani haibishi hodi. Unaliona ziwa limegeuka rangi, na kabla hujainuka umelowa. Sisi wajukuu tulikimbia kuokoa michembe, tukigongana, tukipiga kelele. Bibi alikuja nyuma akitembea tu, kanga imemganda mwilini. "Bibi, kimbia!" Naye akajibu, "Namkimbia ndugu yangu?" Tulidhani ni utani wa kizee.

Alikufa asubuhi moja ya jua, ameketi mlangoni, ungo wa mlenda mapajani. Mlenda ulikuwa umeshachambuliwa wote. Kifo alikipata kizuri, na nasema hivyo bila kujifariji.

Siku ya mazishi seremala alileta msalaba, rangi nyeusi ikinuka bado: MARIA, MKE WA, kisha jina la babu. Nilikumbuka alichosema kwenye jiwe la Mmarekani, nikamvuta baba shati, nikamwambia. Baba aliwatazama wadogo zake, nao wakatazamana. Wanaume watatu wazima, wote wametoka tumbo moja, na hakuna aliyejua. Katekista akasema Mungu anamjua, na hilo likaonekana kumaliza hoja.

Jeneza lilikuwa linatolewa mlangoni alipofika mdogo wake bibi kutoka Usagara, kikongwe mwenye fimbo. Alifika ukingoni mwa ua, akatua kifurushi chake, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kabula! Kabula wee! Kabula, umeniacha na nani?"

Waombolezaji wakageuka. Jirani mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kusikika, "Kabula ndiyo nani tena?"

Yule kikongwe akamsikia. Akaacha kulia. "Mnamzika nani, kama hammjui?"

Ndipo akatueleza, akimtazama baba yangu kama vile bado ananyonya, kwamba mama yao alishikwa na uchungu shambani, mvua ikinyesha, na mtoto akadondokea kwenye matope. Aitwe nani tena kama si Kabula, wa mvua?

Baba mdogo, huyu huyu wa simu, akasema rangi imeshakauka, msalaba tutaubadilisha siku ya arobaini. Arobaini ikafika, tukala, tukaondoka. Mwaka uliofuata akaja mwekezaji wa kiwanda cha samaki, akazungushia ukuta ufuko wote pamoja na lile jiwe kubwa, na alipokuwa Mmarekani pakamwagwa zege la kugeuzia malori. Njia ya kuteremkia ziwani ikafungwa. Msalaba wa bibi ukaliwa na mchwa, herufi moja moja.

Kwa hiyo safari hii nilimpigia fundi mwenyewe. Ni kijana wa Tarime, ana haraka.

"Andika Kabula," nikamwambia.

"Sawa dada, kaburi ra nani?"

"La Kabula."

"Ndiyo, nimeerewa ni kaburi. Kaburi ra nani?"

Tulihangaika hivyo mpaka nikacheka nikatoa machozi, nikamtajia herufi moja baada ya nyingine. Akaziandika, akauliza kama hakuna mke wa nani, mama wa nani, nafasi bado ipo kubwa. Nikamwambia aiache hivyo hivyo. Jana nilikwenda kuliona. Liko sawa, kwa L yake.

Nikasimama pale nikitazama ukuta wa kiwanda. Yule mwingine, Mama Mchungaji, sijui aliitwa nani, wala sitajua. Labda huko Marekani naye alikuwa na mdogo wake, aliyelijua jina la zizini. Ila bahari ni pana, na hakuna aliyefika hapa, akatua kifurushi, akamlilia.