Kitanda cha Mama Mkwe

Jumanne moja ya Mei mwaka jana, alfajiri, mke wangu alifariki hospitalini Kitale. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa natafuta hoteli.

Mazishi yangekuwa Ijumaa, nyumbani kwetu nje ya Bungoma. Mama yake angetoka Kachibora siku moja kabla, na kwetu mama mkwe halali bomani kwa mkwewe, hata kukiwa na msiba. Marehemu alikuwa mtoto wake wa pekee. Nilitaka alale pazuri, penye nyota, asije akadhani mtoto wake aliolewa na mtu asiyejali.

Sikuweza kukaa. Pale Kitale niliona lango la hoteli lenye nyota tatu, nikaingia kuuliza ni nani aliyewapa, na kama wana tawi Bungoma.

"Hizo tulichora wenyewe, mzee," karani akasema. "Za ukweli hutolewa na wakaguzi wa serikali. Sisi hawajatukagua."

"Kwa hivyo ni pabaya?"

"Ai, si kusema ni pabaya, bana! Ni vile hakuna mtu wa kukuambia. Ingia ujionee."

Kwa hivyo Jumatano, Bungoma, niliingia gesti isiyo na nyota hata ya kuchora, nikajionea. Nilifungua bomba. Nikanusa shuka, nikatikisa kitasa cha dirisha. Halafu nikakaa kitandani, nikajirusha kidogo.

"Kinafaa," nikamwambia mama wa funguo.

"Nani atalala?"

"Mama mkwe."

Akashika mdomo. "Baba! Na umekikalia?"

Niliruka kama niliyekalia moto. Kitanda cha mama mkwe hakikaliwi na mkwe.

"Nipe chumba kingine."

"Hiki ndicho kizuri. Kile kingine godoro limebonyea."

"Nipe hicho."

"Basi simama hapo mlangoni, usituharibie na hicho!" Alicheka mpaka nilipomweleza kuhusu msiba. Akaleta blanketi mbili, akazikunja na kuzitandika pale palipobonyea.

Asubuhi ya mazishi nilimtuma dada yangu akamuulize mama mkwe alilalaje.

"Anasema usingizi haukuja," dada akaniambia.

Nilitaka kujua kama ni godoro. Nilimwona ng'ambo ya jeneza, leso imemfunika uso. Sikumtuma dada tena. Mtu akasema viti havitoshi, nikaenda kubeba viti.