Marehemu Amekaa kwenye Boneti

Wiki tatu baada ya kumzika mume wangu, pikapu yake ilianza kuinamisha kichwa.

Sitanii. Nyuma iko juu, mbele imezama, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Majirani hawakukosa jibu. "Marehemu amekaa kwenye boneti. Hataki gari lake liendeshwe na mwanamke."

Nikawaambia, "Basi ashuke, nina mzigo wa kupeleka."

Kazi yangu ni kupeleka chakula cha kuku kwa wafugaji wa mlimani. Njia ni mawe matupu. Pikapu inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, lakini enzi za mume wangu ilipanda bila shida. Sasa kila jiwe linakwangua tumbo. Wateja wakaanza kunikimbia, na nina watoto watatu wanaokula kwa gari hilo hilo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ana gereji. Ndiye aliyelifanyia sevisi baada ya msiba, bure, eti rambirambi yake. Nilimshukuru mpaka machozi.

Nikarudi kwake. Hakuinama hata kuchungulia.

"Shemeji, chuma kimechoka. Niachie mimi. Jumamosi kuna kikao kwa mama, utie saini gari liwe langu, yaishe."

"Kwani haliwezi kunyanyuliwa mbele?"

Akacheka. "Hayo ni mambo ya wenye hela, vifaa vinaagizwa. Wewe kaa ulee watoto."

Hapo alinipandisha hasira. Kama angenibembeleza, labda ningesaini.

Nilienda kwa Bi Kutu. Ni mama mtu mzima anayeuza vyuma chakavu, na magari anayajua kuliko wanaojisifu.

"Lako si la petroli? Tafuta springi za mbele za ndugu yake, pikapu kama hiyo ya dizeli. Injini ya dizeli nzito, kwa hiyo springi zake ngumu. Ukilivalisha lako, pua inapanda yenyewe."

Alikuwa nazo mbili chini ya lundo. Nikampa redio yangu, tukamalizana.

Ijumaa asubuhi tulipiga jeki uani kwangu, mawe nyuma ya magurudumu, kibano cha springi cha kuazima.

"Usifungue kabla hujaibana!" Bi Kutu akanikemea. "Ikifyatuka inaondoka na meno yako."

Springi ya kwanza ikatoka. Ya bluu. Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kupaka rangi ya bluu kila kitu, milango, ndoo, mpaka springi.

Bi Kutu akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mwanangu, hii imekatwa."

Mzunguko mzima wa juu haukuwepo. Ncha ilikuwa na alama za grainda, mashine ya kukatia chuma. Ya pili, vilevile.

Na tangu msiba, gari hilo lilikuwa limeguswa na fundi mmoja tu.

Nilikaa chini kwenye oili nikalia. Si kwa huzuni, kwa hasira. Kisha nikafuta kamasi, nikasema, "Tufunge."

Tulifunga, tukalipeleka kunyooshwa magurudumu. Jumamosi nikapanda mlima na mifuko ishirini. Hakuna jiwe lililonigusa. Nilifika kwa mama mkwe nikipiga honi kama nimeleta bibi harusi.

Ndani, wazee wa ukoo wamekaa. Shemeji ana karatasi na kalamu.

Nikabwaga springi mbili za bluu mezani.

"Nani alizikata?"

"Hizo umeokota kwa yule mama wa takataka," shemeji akasema. "Za kaka hazikuwa hivyo."

Mama mkwe akasogea mezani. Akanyanyua sufuria ya chai. Chini yake kulikuwa na chuma cha mviringo. Cha bluu.

Akakiweka juu ya springi. Kikakaa pale pale palipokatwa.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "uliniletea viwili, vya kuwekea sufuria. Ulisema umenitengenezea wewe, zawadi."

Ubahili ulimzuia hata kutupa ushahidi!

Mama mkwe akatazama sufuria mkononi, inamchoma. Akavuta ile karatasi ya saini, akaikunja mara nne, akaitua sufuria juu yake.

"Mkwe wangu," akasema, "kaa unywe chai."

Ndugu msomaji, kikulacho ki nguoni mwako. Ukiambiwa shida yako ni mzimu, usikimbilie kuogopa. Lala chini ya gari kwanza, utazame.