Sakafu Isiyopigiliwa Misumari

Mimi ni mhitimu wa kisomo cha usiku, na tangu nihitimu hakuna maandishi yaliyonipita bila kusomwa, hata yale ya kwenye gunia la mbolea. Kwa hiyo asinishangae mtu nikiandika habari za sakafu. Sakafu yenyewe ilikuwa ya mbao, katika kijiji cha Ujamaa huko Ngara, wakati ambapo hata meza ya mbao kwetu ilikuwa karibu kuamkiwa shikamoo.

Tulikuwa tumehamishwa. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa kilimani, katikati ya migomba. Ikabomolewa, tukashushwa barabarani na kupangwa mstari kama mahindi. Mume wangu aliteremka na mlango kichwani, maana mlango ndio uliobebeka. Sakafu ya mama yake ilibaki juu kule ikinyeshewa. Mama mkwe alikuwa ameisiriba kwa samadi tangu alipoolewa, mpaka ikawa ngumu na laini kama kibuyu cha zamani. Sijapata kumwona mwanamume akiumizwa na sakafu namna ile. Akasema nyumba mpya itakuwa na sakafu ya kuhama nayo.

Mbao alizijulia Rulenge, alikofanya kibarua cha useremala misheni. Alizoweza kupata zilikuwa za aina mbili. Mninga ulitoka kwa wapasua mbao wa Biharamulo: mwekundu kama chai iliyokolea, na mzito kiasi kwamba lori likiushusha linashusha pumzi pia. Paini ilikuwa nyeupe, na nyepesi hivi kwamba ningeweza kuibeba na mtoto mgongoni, ndoo kichwani, na bado nikasimama njiani kupiga soga mpaka jua likazama.

Mimi nilitaka mninga. Tulibishana msimu mzima wa maharage. Nadhani hata kuku walichagua upande.

"Baba watoto, mninga hauliwi na mchwa," nilimwambia.

"Mninga ni wa mtu anayekaa," akajibu. "Sisi ni watu wa kuhamishwa. Mwakani lori litakuja tena, na huo mninga wako utaubeba wewe?"

Hakuwa peke yake. Mstari mzima tuliamini hivyo. Jirani yetu hakupanda mgomba hata mmoja, alipanda viazi tu, vitu vya kuchimba haraka na kuondoka. Mwingine aliezeka upande mmoja wa paa akasema wa pili atauezekea huko tutakakopelekwa. Nami, pamoja na kisomo changu chote, mwishowe nikakubali paini.

Ila alinipa ubao mmoja wa mninga. Aliuweka mlangoni, pale nilipokuwa nikikaa jioni kusoma kitabu changu, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza. Alisema ule ni mzigo wangu, siku ya kuhama asisikie nikiomba msaada.

Mbao nyingine zote alizilaza juu ya magogo membamba, akazipaka oili chafu, na hakupigilia hata msumari. Zilibanana zenyewe. Mbuzi akiingia, kwato zake zililia kama mashine ya kuchapia ya ofisi ya wilaya. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kama tunageuka mabepari. Akavua viatu, akatembea huku na huko, akarudi tena, kisha akauliza taratibu kama sakafu ya namna hiyo inachezeka ngoma. Mama mkwe alipita juu yake kama mtu anayevuka mto kwa gogo moja. Alituomba tumwachie kona yake ya udongo nyuma ya mtungi wa maji, awe na mahali pa kusiriba.

Lori likaja kweli. Lakini halikuja kuchukua nyumba. Lilikuja kuchukua wanaume, kwa kuwa vita vilikuwa vimeanza upande wa mto Kagera na mgambo walikuwa wakiitwa. Mume wangu alisimama juu ya ubao wa mninga akifunga kamba za viatu. Alipomaliza aliugonga kwa kisigino.

"Nikirudi tunaweka huu nyumba nzima," akasema, "na misumari juu. Nimechoka kuhama."

Hakurudi.

Oili ilikwisha makali na mchwa wakaingia kutoka chini. Wana adabu ya ajabu wadudu wale: walikula ndani yote wakatuachia ngozi ya juu, ikang'aa kama kawaida, mpaka siku mama mkwe alipokanyaga karibu na kitanda na mguu ukazama hadi gotini. Tulimtoa. Alianza kuzing'oa zile mbao moja moja, na zilimegekea mikononi mwake kama mkate mkavu. Kisha akaenda zizini kwa jirani kuomba samadi, akasiriba chumba chote, kuanzia kwenye kona yake hadi kwenye ubao wa mninga mlangoni.

Hakuna aliyekuja kutuhamisha tena. Mstari uko pale pale hadi leo, na yule jirani wa viazi ana migomba inayotaka kuingia dirishani kwangu. Paini ile ingekuwa mninga, leo ningekuwa natembea juu ya kazi ya mikono ya mume wangu. Ningejua kwa unyayo mahali randa ilipomponyoka, na pale alipopima akakosea akacheka. Tulikuwa naye pale pale tulipoogopa kukaa, tukaishi kama wapita njia.

Juzi wanangu waliniletea fundi wa marumaru. Kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri, akapima chumba, akafika mlangoni na kuingiza ncha ya nyundo chini ya ubao ili aung'oe. Haukutikisika. Akaniuliza umeshikwa na nini, maana haoni msumari.

"Upitie pembeni, mwanangu," nikamwambia. "Huo hauhami."