Bawabu wa Candeia na makofi yaliyokatazwa

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, Deolinda Seiça amesimama mlangoni pa Candeia, nyumba ndogo ya muziki kando ya ngazi za Quebra Costas mjini Coimbra, na anawafundisha wageni thelathini na wanane namna ya kujikohoza.

"Siyo hivyo, mzee wangu. Hayo ni mafua," anamwambia bwana mmoja mwenye kofia ya kijani. "Fanya kama unabisha hodi kwa mkweo. Hm-hm. Basi, inatosha."

Wageni wanacheka. Ni wastaafu kutoka Lisbon waliokuja kwa basi moja, na huko kwao wimbo wa fado, muziki wa majonzi wa Kireno, ukiisha watu hupiga makofi. Coimbra mtu hujikohoza. Ni desturi ya tangu enzi za wanafunzi kuimba usiku chini ya madirisha ya wasichana, ambapo hakuna aliyetaka kumwamsha baba mwenye nyumba.

"Yaani nimekaa kwenye basi saa mbili nzima nije kukohoa?" anauliza Dona Graciete, mama mnene mwenye mkoba mkubwa kuliko magoti yake. "Si ningebaki kwangu tu na kifua changu!"

"Ungebaki, mwenzangu, lakini ungemkosa Horácio na gitaa lake," anajibu Deolinda. "Kwenu mnaye kama yule?"

"Tunao kumi."

"Mnao kumi wenye kelele."

Siku nyingine utani ungeishia hapo na mlango ungefungwa. Leo Deolinda hawezi kuwaachia hivi hivi. Juu ya ukumbi, ghorofa ya kwanza, mkaguzi wa manispaa ameketi na kifaa cha kupimia kelele. Kipimo kikivuka mstari unaoruhusiwa, Candeia itapoteza kibali cha muziki. Aliyemwita ni mpangaji wa huko juu, Anselmo Quaresma, mwanasheria mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Daktari, kama tunavyomwita kila aliyepitia chuo kikuu chetu.

Deolinda ana miaka sitini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye mlango huu. Asubuhi hupiga deki katika shule moja ng'ambo ya mto, jioni hulinda ukimya. Kazi zote mbili humpa kama euro mia tisa kwa mwezi. Mama yake alikuwa dobi wa mtoni Mondego, akifua mashati ya wanafunzi, na alikuwa akijua kwa kuitazama kola tu nani alikesha anaimba.

Wimbo ukianza, Deolinda hamfungulii mtu. Horácio Vilela, mpiga gitaa na mwenye nyumba, anakumbuka bawabu huyo alivyomwacha mama mkwe wa Horácio mwenyewe kwenye mvua nyimbo mbili nzima.

"Alilowa chapachapa," anasema. "Na lawama zote nilibeba mimi. Dona Deolinda alimpa taulo, wakawa marafiki."

Ndiyo maana kilichotokea Machi kinamuuma hadi leo. Horácio alikuwa amekaa miezi mitatu bila kugusa gitaa, baada ya kupasuliwa mkono, na jioni ile ndipo aliporudi. Alipomaliza wimbo wa kwanza, Deolinda alisikia makofi, akageuka kumtafuta asiye na adabu.

"Nikaona ni mikono yangu," anasema. "Mimi! Ninayewakemea watu mwaka nenda mwaka rudi. Na ukumbi mzima ukanifuata."

Makofi ya watu hamsini chini ya dari ya mbao si mchezo. Kesho yake Daktari Quaresma aliandika barua manispaa.

"Nyimbo sina neno nazo," anasema mzee huyo, mjane ambaye hajashuka ngazi zake tangu amzike mkewe. "Makofi ndiyo yanayonipasua kichwa. Mke wangu nilimwimbia nikiwa na miaka ishirini na mmoja, barabara hii hii. Hakuna mshenzi aliyepiga makofi."

Zikiwa zimebaki dakika tano, Deolinda anaingia ukumbini na kusimama mbele ya viti. Si kawaida yake.

"Jamani, sikilizeni. Huko juu kuna mtu anatupima. Amekuja kwa sababu yangu. Nilipiga makofi mwenyewe, kwa furaha, na sasa nyumba hii inaweza kufungwa. Nawaomba mnisitiri."

Dona Graciete anafunga mkoba wake taratibu.

Taa zinapunguzwa. Mlango unafungwa. Horácio anapiga gitaa na mwimbaji, kijana mwenye joho jeusi, anaimba kuhusu mto unaorudi nyumbani bila barua. Deolinda ameegemea mlango, macho hayako kwa mwimbaji. Anaitazama mikono ya watu wa Lisbon.

Noti ya mwisho inafifia. Dona Graciete analia, na mikono yake miwili inapanda hadi kifuani. Deolinda anasogea hatua moja. Mikono inakutana, inashikana kwa nguvu, na mama yule anainamisha kichwa.

"Hm-hm," anajikohoza.

Kisha bwana mwenye kofia ya kijani. Kisha safu ya pili, ya tatu, na ukumbi mzima unajikohoza kwa heshima zote. Wanaponyamaza, kinasikika kikohozi kimoja zaidi, kikavu na cha kizee, kikipenya mbao za dari.

Horácio anatazama juu. Deolinda anajifuta macho kwa aproni.

Saa moja jioni mkaguzi anashuka na kifaa chake begani. Anasema kipimo hakikufika kwenye mstari, ila mara moja tu, na hiyo hataiandika.

"Mara moja?" Deolinda anashtuka. "Lini?"

"Baada ya wimbo wa kwanza. Daktari alikuwa amekaa karibu mno na kifaa."

Wastaafu wamekwisha kuondoka, na Dona Graciete ameahidi kurudi na dada zake, kifua kikiwa kimepona. Deolinda anafagia. Akiulizwa anataka nini sasa, haombi nyongeza ya mshahara wala likizo, ingawa vyote anavistahili. Anachukua kiti kimoja cha safu ya mbele, kile chenye mto, anakisogeza karibu na gitaa na kukiwekea karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: *Daktari Quaresma*.

"Alhamisi ijayo nitapanda kumgongea," anasema. "Ni ngazi kumi na nne tu. Akichelewa kushuka, safari hii nitamshikia mlango hata wimbo ukiwa umeanza."