Yai Lililotua Mirihi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa masomo alinikabidhi rula ya mbao, chaki nne na darasa la ufundi lisilo na hata nyundo. "Fundisha usanifu," akasema, akaenda zake. Usanifu wa kihandisi, wanangu, ni kuanza na tatizo, kuandika masharti yake, kuchora, kuunda mfano, kisha kuujaribu mbele za watu na kuona aibu. Nilipenda sana hatua hiyo ya mwisho.

Vita vilipoingia mjini, wanafunzi wa mtaa wa Kinama hawakukaa tena benchi moja na wa mtaa hasimu wa Nyakabiga. Iliniuma. Nikatafuta tatizo lisilo la mtaa wa mtu, nikalipata kwenye sayari ya Mirihi. Kila kundi, lenye watu wa pande zote mbili, liunde chombo cha kutua huko, abiria akiwa yai bichi. Tungekiangusha kutoka ghorofani.

Kundi la Odette, binti mbishi wa Nyakabiga, lilizungushia yai sashe, mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa kwa pampu ya baiskeli. Chombo kikagonga saruji: paa! Sashe zilipasuka, na shule nzima ikalala chini ikidhani ni risasi. Nami nililala, tena wa kwanza.

Direkta wa shule alikuja na vumbi kifuani.

"We mwalimu, unataka tukufe na woga? Iki kitu kikilia tena, kila mutoto anarudi ku benchi yake!"

Odette aliinua yai. Lilikuwa zima.

"Na kama hakilie, Bwana Direkta, tunaendelea?"

Direkta akakubali. Odette akaandika chini ya masharti mengine: kisilie.

Wiki nzima alibishana na Salvatori wa Kinama, aliyetaka sashe zitobolewe kwa sindano ili hewa itoke polepole zikibanwa. Matundu yalipozidi, yai lilivunjika, tukalikaanga. Walihesabu matundu wakiwa wameinamiana, wakasahau kununiana.

Sasa nimestaafu, na magoti hayataki ngazi. Watu huniuliza kama kuna mwanafunzi wangu aliyefika angani. Hakuna. Badala yake huwasimulia asubuhi ya jaribio la pili, Direkta akiwa amesimama uani, macho kayafumba, akingoja mlio.

"Mutaangusha saa ngapi?" akauliza.

"Kimeshafika, Bwana Direkta," Salvatori akamjibu.